Kabla Hujaongeza Sukari: Kutafuta Kasoro ya Pombe ya Kulowekwa na Martini za Nyumbani

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, dada yangu anayeishi Umoja, Nairobi, alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Tangu Jumatatu alikuwa ameloweka mananasi kwenye vodka, wageni wake walikuwa wafike jioni, na chupa alipoifungua ilitoa pumzi, ikanuka kama unga wa mandazi ulioumuka. "Niongeze sukari kiasi gani?" akauliza. Nikamwambia asiongeze hata kijiko. Nikamwuliza mananasi mangapi, na vodka kiasi gani. Mananasi mawili makubwa, chupa moja ya mililita 750. Sikuhitaji kuiona chupa yenyewe. Kasoro ilikuwa kwenye hesabu, na sukari ndiyo ingemalizia kuiharibu, maana kilichokuwa kinaendelea mle ndani kilikuwa kinakula sukari.

Nimekuwa nikiloweka matunda na viungo kwenye pombe jikoni kwangu South B kwa miaka kadhaa sasa, na kosa ninaloliona kuliko yote ni hilo. Kinywaji kikikosea, mkono unakwenda kwenye kopo la sukari au chupa ya soda. Uchungu uliofunikwa kwa sukari haujaondoka. Utaukuta mwisho wa funda, kooni. Kila kasoro ina chanzo chake, na vyanzo vyenyewe si vingi: pombe uliyoanza nayo, tunda au kiungo, muda, chombo, na kwa upande wa martini, barafu. Vipitie kwa mpangilio huo.

(Martini ya asili ni pombe ya jini (gin) na vermuthi, mvinyo uliotiwa viungo, basi. Hizi zetu za pasheni na tangawizi zimeazima jina kwa sababu ya ile glasi yenye umbo la V. Mimi sioni ubaya.)

Kwanza kabisa, pombe yenyewe

Hapa siendi haraka. Nchini Kenya watu wamekufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, alkoholi ya sumu. Mei 2014 waliokufa katika kaunti mbalimbali walihesabiwa kwa makumi, na Februari 2024 Kirinyaga ikazika zaidi ya watu kumi. Methanoli huwezi kuitambua kwa ulimi wala kwa pua. Kuichemsha hakuiondoi, kuipitisha kwenye mkaa hakuiondoi, na kuiloweka na tangawizi kunaificha tu. Kwa hiyo nunua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye stempu ya ushuru ya KRA, na uikague stempu hiyo kwa programu ya Soma Label kwenye simu kabla hujaondoka dukani. Chupa ya bei ya ajabu, kifuniko kilichochezewa, lebo iliyopinda: iache hapo hapo. Na mtu akinywa, kisha saa kadhaa baadaye au hata kesho yake akaanza kuona ukungu machoni, kuumwa kichwa na tumbo, kupumua kwa shida, usimwache alale eti ni uchovu wa pombe. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Kuna matibabu, lakini hayasubiri.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani kinachosaidia kidogo. Vodka ya asilimia 40 huganda karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani hufika kama 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo vodka tupu ya asilimia 40, hujaitia kitu, haipaswi kuwa barafu kwenye friza yako. Ikiganda, imetiwa maji, na aliyeitia maji huenda ametia na kingine. Ila isipoganda usidhani umeshathibitisha kwamba ni salama. Methanoli nayo haigandi.

Jambo jingine: tunachofanya hapa ni kuloweka, si kutonesha, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake. Kutonesha pombe nyumbani bila leseni ni kosa kisheria. Na kuiuza uliyoloweka kunahitaji leseni vilevile, hata kama ni kwa majirani wa ploti moja.

Inanuka unga ulioumuka, inatoa mapovu

Hii ndiyo chupa ya dada yangu, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu wengi hawajui kwamba tunda hupunguza nguvu ya pombe.

Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40 ina mililita 300 za alkoholi safi. Nanasi ni maji kwa kiasi cha asilimia 85. Ukitia gramu 750 za nanasi lililomenywa, umeongeza maji karibu mililita 640, na yakishachanganyika, pombe iliyo kwenye mkebe wako wa kioo imeshuka hadi asilimia 21 au 22. Bado uko salama. Ukitia kilo moja na nusu, uko karibu asilimia 15, na hapo hamira ya asili iliyo kwenye ganda la tunda inaweza kuishi na kufanya kazi. Mbaya zaidi, alkoholi haisambai kwa siku moja: vipande vilivyoelea juu vinakaa kwenye maji yao wenyewe, hafifu kuliko chini, na huko ndiko kuchachuka kunakoanzia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nusu kilo ya tunda lenye maji kwa chupa moja ya 750, na nisizidishe. Vipande vizamishwe kabisa. Kipande cha juu kikikataa kuzama, kigandamize kwa kisahani kidogo cha udongo, au jaza mkebe hadi karibu na kifuniko. Tikisa mara moja kila siku.

Kama imeshaanza kuchacha, usikaze kifuniko. Hewa inayotoka inaweza kupasua kioo. Ukiona kuvu, hata doa dogo la kijani au jeupe lenye manyoya, mwaga yote; usikwangue juu na kubakiza chini, kwa sababu mizizi ya kuvu huioni. Kama ni mapovu tu bila kuvu, watu huchuja, wakaweka kwenye friji na kunywa upesi. Mimi mwenyewe humwaga. Nanasi ni bei nafuu Marikiti, na ladha ile ya hamira haitoki.

Ni chungu, au inakausha ulimi

Hizi ni dalili mbili, na watu huzichanganya. Uchungu ni ladha, kama ya shubiri. Ukakasi unakausha mdomo na kuyafanya meno yawe kama yamepakwa chokaa, vile ndizi mbichi inavyofanya. Tofautisha kwanza, kwa sababu vyanzo ni tofauti.

Uchungu kwenye pombe ya limau, ndimu, chungwa au chenza karibu kila mara unatoka kwenye ule utando mweupe ulio chini ya ganda. Rangi na harufu nzuri ziko kwenye ngozi ya juu kabisa, kwenye vitundu vidogo vya mafuta. Utando mweupe hauna cha kukupa ila uchungu. Menya kwa kisu kidogo chenye makali, mkono ukiwa mwepesi, kama unayemenya kiazi kilichopanda bei. Geuza kila ganda. Ukiona weupe, lilaze na uukwangue. Maganda ya malimau sita yanatosha chupa moja, na siku nne hadi saba zinatosha. Wapo wanaoacha mwezi mzima, lakini hao wamemenya vizuri mno.

Machungwa ya Makueni unayonunua sokoni mara nyingi hayajapakwa nta. Yale yanayong'aa ya supamaketi, yaliyosafiri kwa meli, yasugue kwa brashi na maji ya moto kabla ya kumenya, la sivyo utapata utando wa mafuta juu ya pombe usioelewa umetoka wapi.

Chanzo cha pili cha uchungu ni mbegu zilizovunjika. Mtu anatia pasheni kwenye blenda, mbegu zinasagika, kisha anashangaa. Kata pasheni, komba nyama kwa kijiko, mbegu zikiwa nzima. Na chagua zilizojikunja ngozi. Kuna mama mmoja City Park ambaye nilimlalamikia siku moja, "Mama, hizi zimezeeka," naye akanijibu, "Mwanangu, pasheni ikikunja uso ndiyo imefurahi ndani." Tangu siku ile sinunui iliyo laini kama mpira.

Ukakasi ni mambo ya chai, hibiskasi, mdalasini na maganda ya baadhi ya matunda. Alkoholi hunyonya ukakasi wa chai upesi kuliko maji baridi. Vijiko viwili vya majani ya chai ya Kericho kwenye chupa moja ya vodka: onja baada ya saa moja, chuja kabla ya saa mbili hazijaisha. Ukilala ukaiacha, asubuhi unakuta dawa ya kusindika ngozi.

Tiba? Uchungu ukishaingia hautoki. Unaweza kuupunguza kwa kuchanganya: sehemu moja ya pombe chungu kwa sehemu mbili za vodka tupu, kisha uonje. Punje chache za chumvi hupunguza uchungu ulimini kuliko kijiko kizima cha sukari. Zitie kwenye kikopo wakati wa kutikisa, si kwenye chupa. Ukakasi wa chai hulainika kidogo ukikutana na maziwa, lakini hapo unatengeneza kinywaji kingine.

Kiungo kimoja kimeteka chupa nzima

Karafuu, iliki, pilipili. Hawa watatu hawajui kukaa na wenzao.

Karafuu mbili nzima kwa chupa zinatosha, saa kumi na mbili. Mafuta yake hutia ganzi ulimi, ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakiiweka kwenye jino linalouma. Ukinywa martini na midomo ikafa ganzi, umezidisha. Iliki ivunje kidogo tu, punje tano, siku moja. Pilipili ile ndogo ya mbuzi igawe mara mbili, weka nusu moja, onja baada ya saa mbili, kisha kila nusu saa. Ukali wa pilipili huyeyuka vizuri kwenye alkoholi, na hakuna chujio litakaloutoa.

Njia ninayoipenda ni kuloweka kila kiungo chake peke yake kwenye chupa ndogo ya mililita 250, kisha kuchanganya kwa kijiko. Tangawizi huku, iliki kule, ganda la chungwa pale. Ikizidi moja, hujapoteza kazi ya wiki nzima, na ile kali inageuka kuwa akiba ya matone. Andika tarehe na saa kwenye kipande cha utepe, ubandike kwenye kioo. Saa hasa, si siku peke yake.

Haina ladha

Uliza mambo manne. Je, ulikata au uliweka nzima? Tangawizi nzima haina haraka. Ikate vipande vyembamba kama sarafu, gramu 100 kwa chupa, siku mbili. Je, tunda lilikuwa limeiva? Embe gumu halitaiva ndani ya vodka. Je, pombe ina asilimia ngapi? Mafuta ya maganda na viungo hutoka vizuri kwenye pombe ya asilimia 40 kwenda juu. Ukianza na kitu hafifu utapata kitu hafifu. Na je, ni mwezi gani? Julai jikoni Nairobi kuna baridi, na kila kitu hukawia. Kilichochukua siku tatu Februari kinaweza kuhitaji tano.

Usijaribu kuharakisha kwa kuweka mkebe kwenye jiko la gesi au karibu na makaa. Mvuke wa pombe ya asilimia 40 unaweza kushika moto pombe ikiwa na joto la nyuzi 26 tu, ambalo ni joto la mchana wa kawaida. Rafu yenye giza inatosha.

Imevurugika, huoni upande wa pili

Hapa pana sababu mbili, moja si kasoro hata kidogo.

Kama chupa ilikuwa safi, kisha ulipoongeza shira au maji au ilipoingia kwenye friji ikageuka nyeupe kama maji ya mchele, hayo ni mafuta ya ganda. Yalikuwa yameyeyuka kwenye pombe kali. Ulipoipunguza nguvu yakatoka na kuelea kama matone madogo mno. Pombe ya limau hufanya hivyo, na ya iliki pia. Kunywa. Kama hupendi sura yake, ongeza vodka tupu kidogo na itasafika.

Kama ilivurugika tangu mwanzo, na ni embe, pera au pasheni, hiyo ni pektini, ile inayogandisha jemu, na nyuzinyuzi za tunda. Kosa la kawaida ni kukamua: mtu anachuja kwa kitambaa, kisha anakikunja na kukikamua kwa mikono yote miwili ili asipoteze tone. Tone hilo la mwisho ndilo linalochafua chupa yote. Acha idondoke yenyewe. Kisha iweke kwenye friji siku mbili bila kuigusa, mashapo yatulie chini, uimimine taratibu iliyo juu na kuipitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Ni kazi ya saa nzima, karatasi huziba, unabadilisha. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini. Embe lenye nyuzi nyingi husumbua kuliko tunda jingine lolote nililojaribu. Harufu yake inalipa, lakini jiandae kwa karatasi tatu.

Rangi imekufa

Majani mabichi ya nanaa na mrihani hugeuka kahawia na kunuka nyasi kavu baada ya siku moja. Yape saa nne hadi kumi na mbili, uyatoe. Rosemari na mchaichai ni wavumilivu zaidi. Wekundu wa hibiskasi hufifia ukiwekwa dirishani. Chupa za rangi zinapendeza zikipigwa na jua, lakini jua ndilo linalozimaliza. Embe na nanasi huwa kahawia zikikutana na hewa, kwa hiyo usiache mkebe nusu.

Inanuka kitu kisichokuwemo

Kifuniko. Mkebe wa jemu au wa achari unaosha mara kumi, kioo kinakuwa safi, lakini ule mpira wa ndani ya kifuniko umeshika harufu ya kitunguu saumu kwa maisha yake yote. Tafuta kifuniko kipya au mkebe mpya. Vifuniko vya chuma vilivyokwanguka navyo hupata kutu vikikutana na ndimu, na ladha ya damu unayoisikia inatoka hapo. Usitumie jerikeni wala chupa ya plastiki ya soda. Pombe kali ikikaa muda mrefu huchukua ladha ya plastiki. Kioo tu. Chemsha mkebe kwa dakika 15, maana hapa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100, kisha uukaushe kabisa kichwa chini.

Martini imekuwa maji

Sasa tuko kwenye glasi. Umechuja vizuri, pombe ina harufu nzuri, lakini martini ni nyepesi na vuguvugu. Mara tisa kati ya kumi, kosa ni barafu.

Barafu ina kazi mbili, kupoza na kutia maji. Kinywaji kilichotikiswa sawasawa huongezeka karibu robo ya ujazo wake kwa maji ya barafu, na robo hiyo inahitajika, bila yake pombe inachoma. Tatizo ni barafu iliyolowa. Stima imepotea saa sita, ikarudi saa nane, barafu ikayeyuka juu na kuganda tena. Au umeitoa kwenye friza ikakaa mezani ukimsalimia shemeji. Inayeyuka kabla haijapoza. Itoe kwenye friza dakika ya mwisho, jaza kikopo cha kutikisia theluthi mbili, vipande vikubwa vilivyo vigumu, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Barafu chache hazipozi, zinayeyuka tu. Watu hubania barafu wakidhani wanazuia maji, kumbe ndiyo wanayaongeza.

Glasi ikae kwenye friza dakika kumi. Kama nafasi imejaa sukuma wiki na samaki, ijaze barafu na maji wakati unatikisa, kisha uimwage.

Barafu yenye harufu ya samaki ni tatizo jingine la friza hizo hizo. Barafu hunyonya harufu. Iweke kwenye mfuko uliofungwa, na isizidi wiki. Kama maji ya bomba yako yana klorini kali, chemsha; kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, tumia ya chupa, maana kuchemsha hakuondoi chumvi. Martini ina maji mengi ya barafu, na utayaonja.

Kama wageni ni wengi, changanya mapema na kuiweka chupa kwenye friji, bila kutikisa. Lakini hapo barafu haitatia maji, kwa hiyo yatie mwenyewe: mililita 25 za maji kwa kila mililita 100 za mchanganyiko. Nimeona mtu akisahau hatua hii kwenye sherehe ya wajomba, na wajomba walilala mapema.

Ni chachu mno, ni tamu mno, au asali imegoma

Anzia hapa: toti mbili za pombe iliyolowekwa, yaani mililita 60, mililita 20 za ndimu iliyokamuliwa siku hiyo hiyo, mililita 20 za shira. Shira ni sukari na maji kwa vikombe sawa, ikorogwe hadi iyeyuke. Ukichemsha ikawa nzito, utamu umebadilika na kipimo chako hakina maana tena. Ndimu hutofautiana, kwa hiyo onja kabla ya kutikisa, kisha badilisha kwa mililita 5, si kwa kukadiria. Kumbuka pia kwamba baridi hupunguza utamu ulimini: kinachoonekana kimezidi utamu kidogo kabla ya barafu kitakuwa sawa baadaye.

Asali ikitiwa moja kwa moja kwenye kikopo baridi hujikunja chini kama kokoto. Ichanganye kwanza na maji ya moto kiasi sawa, ipoe. Dawa, ile ya vodka, ndimu na asali iliyojulikana kupitia Carnivore pale Lang'ata, hutumia kijiti chenye asali kwa makusudi, ili mnywaji aikoroge na kuiponda mwenyewe polepole. Ni mbinu nzuri kwenye glasi fupi yenye barafu. Kwenye martini haifanyi kazi.

Martini ya kahawa haina povu

Martini ya kahawa aliibuni Dick Bradsell mjini London katika miaka ya 1980, kwa espreso iliyotoka mashineni muda huo huo. Povu linatokana na hewa iliyo kwenye kahawa iliyotoka mashineni sasa hivi na mtikisiko mkali. Kahawa ya unga wa papo hapo haina hewa hiyo, na ile uliyochemsha asubuhi imeshaipoteza. Kama una birika dogo la Kitaliano la jikoni, tumia kahawa ya Nyeri au Kiambu iliyosagwa siku hiyo, nzito, itikise ikiwa bado vuguvugu na barafu nyingi. Kama huna, tia mililita 15 za maji ya nanasi. Nanasi likitikiswa hutoa povu zuri ajabu, na halionekani kwenye ladha kama ulivyodhani.

Ukitia maziwa au krimu kwenye kinywaji chenye pasheni au ndimu, yatakatika. Hakuna dawa. Chagua kimoja.

Vitu ambavyo havilowekwi

Mbegu za lokwati. Miti yake imejaa kwenye mitaa ya zamani ya Nairobi, tunda ni tamu na linalowekwa vizuri, lakini mbegu zina kemikali inayogeuka kuwa sianidi. Zitoe zote. Maua makubwa meupe yanayoning'inia kama tarumbeta kwenye nyua za watu ni sumu, hata kama yanapendeza kando ya glasi. Ua lolote lililonunuliwa dukani kwa ajili ya chombo cha maua huenda limepuliziwa dawa. Halipaswi kugusa kinywaji. Na mgeni anayetumia dawa za moyo au za kolesteroli aulizwe kabla hujampa balungi, kwa sababu balungi huongeza nguvu za baadhi ya dawa hizo mwilini.

Kuhusu dada yangu: ile ya nanasi ilimwagwa kwenye sinki kabla ya saa tano. Alikuwa na vodka nyingine ambayo haijafunguliwa, na stempu yake tuliikagua kwa simu. Nikamwambia apime vijiko viwili vya majani ya chai, aweke kengele ya simu ilie baada ya saa moja na nusu, achuje kwa kitambaa bila kukamua. Wakati inalowa, alichanganya asali na maji ya moto, akamenya malimau mawili bila weupe, akawatuma watoto kununua barafu na kuifungia kwenye mfuko. Saa mbili kasoro usiku alinitumia picha: glasi sita za rangi ya kahawia nyekundu, ganda la limau likiwa ukingoni mwa kila moja, na mama mkwe wake ameshika ya kwake kwa mikono miwili. Jumapili aliloweka nanasi upya, nusu kilo.